Mkono wa jimbo unaishia wapi? Mhadhara kuhusu kupekuliwa eapoti

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za jioni. Nimeambiwa nina dakika 40 na pilau nainusia hapa kwa hiyo nitajitahidi, ila hii mada nimeshaisema kwenye harusi, kwenye matanga, nje ya msikiti, na bado kila mwezi napigiwa simu na mtu wa Houston au Dallas ananiuliza kitu kilekile, hivi Texas si wana gavana wao, wana polisi wao, wana bunge lao, mbona wanawaacha watu wa TSA, wale wapekuzi wa eapoti wa serikali kuu, watupapase namna hii? Nami namjibu, Texas walijaribu. Walijaribu kwelikweli. Hapo mtu ananyamaza kwanza.

TSA wote mnaijua, hakuna asiyevuliwa mkanda hapa. Kitu ambacho wengi hamkijui ni kwamba upekuzi huu wa kiganja, wa kupandisha mkono kwa ndani ya paja mpaka unapogota, haukuwepo tangu mwanzo. TSA ilizaliwa Novemba 2001, ila upekuzi huu ulianza nchi nzima mwisho wa Oktoba 2010, kwa sababu Krismasi ya 2009 kijana mmoja alipanda ndege ya Amsterdam kwenda Detroit na baruti kaishona kwenye chupi. Kwa hiyo wewe kijana pale unayetaka kuniambia usalama usalama, nimekusikia kabla hujasema. Ile hatari ilikuwa ya kweli, ndege ilikuwa na karibu watu 300, na simwambii mtu kwamba abiria wasipekuliwe. Swali langu ni lingine kabisa. Mtu akikugusa pasipostahili, unamshtaki kwa nani? Basi, hilo tu. Mtu anieleze mlango uko wapi.

Sasa sikilizeni habari ya mama mmoja, na wenye kuisikia kwangu mara tatu nne mnivumilie. Anaitwa Sharon Cissna, alikuwa mbunge wa jimbo la Alaska, mwakilishi wa Anchorage. Februari 2011 alikuwa Seattle anarudi kazini Juneau. Yule mama alikuwa ameugua saratani ya matiti na ameondolewa titi. Anapita kwenye ile mashine ya kuona mwili, mashine inaona kovu, inaona kitu kisicho cha kawaida, basi anaambiwa sasa mama inabidi upekuliwe kwa mkono. Na alishawahi kupekuliwa hivyo miezi michache nyuma, akajiapia harudii tena. Akasema hapana. Wakamwambia basi hupandi ndege.

Sasa Juneau, ndugu zangu, ni makao makuu ya jimbo lakini barabara haifiki. Hakuna barabara! Ni ndege au boti. Yule mama akakodi gari, akapanda kindege kidogo, akapanda feri, siku kadhaa njiani kwenye baridi ya Februari, mpaka akafika bungeni kwake. Na alipofika wenzake wakampokea kwa makofi. Mimi kila nikiifikiria hii habari naona kitu kimoja. Yule alikuwa mtunga sheria. Ana ofisi, ana simu ya gavana, waandishi wa habari wanamjua jina. Na bado mlango pekee aliouona ni mlango wa feri. Sasa mama yako aliyetoka Kigoma au Bukavu, Kiingereza chake cha kuungaunga, ana bawasiri, ana kovu la operesheni, amejifunga kitambaa tumboni, yeye atapanda feri gani kutoka Houston?

Ndo maana mwaka huohuo wa 2011 kitu kilichotokea Austin, makao makuu ya Texas, mimi siwezi kukipita haraka. Mbunge mmoja, David Simpson wa Longview, akapeleka muswada unaitwa HB 1937. Muswada ulisema hivi, ofisa yeyote wa umma atakayemgusa mtu sehemu za siri, matako au matiti, hata juu ya nguo, kwa ajili ya kumruhusu asafiri au aingie jengo la umma, bila sababu ya msingi ya kumshuku huyo mtu, ametenda kosa la jinai. Jela mpaka mwaka mmoja, faini mpaka dola 4,000. Mwezi wa tano bunge la chini likapiga kura. 138 kwa 0. Wale watu wa Texas ambao hawakubaliani hata siku ya wiki, Republican kwa Democrat, hakuna hata mmoja aliyesema hapana.

Halafu ikaja barua. Tarehe 24 Mei, mwanasheria wa serikali kuu wa wilaya ya magharibi ya Texas, John Murphy, akawaandikia viongozi wa bunge. Ukiitoa lugha ya kiofisi inasema mambo mawili. La kwanza, sheria ya shirikisho iko juu ya sheria ya jimbo, mkiipitisha tunakwenda mahakamani isimamishwe. La pili, na hapa ndo pa kutetemesha, mpaka itakaposimamishwa, TSA huenda ikalazimika kufuta ndege yoyote ambayo haiwezi kuhakikisha usalama wake. Yaani ndege za Texas zisiruke. Dallas, Houston, fikirieni mzigo, fikirieni pesa. Ulipofika usiku wa siku ileile kule seneti kura zilikuwa zimeyeyuka na Dan Patrick aliyekuwa anaubeba muswada akaurudisha mfukoni mwenyewe. Gavana Rick Perry akaurudisha mwezi wa sita kwenye kikao maalumu, lakini sasa hata spika wao, Joe Straus, akauita mbwembwe za kutafuta jina, wakaulainisha makali, wakavutana, kikao kikaisha hakuna sheria. Kura 138 kwa barua moja!

Mimi siwalaumu wote walioogopa. Ila nataka mwelewe waliogopa nini kisheria, kwa sababu hapa watu wengi wanaishia kusema tu serikali kuu ina nguvu, kwisha. Hapana, haijaisha.

Kuna mtu ataniambia hata kwetu ni hivyohivyo. Sawa, na sawa si sawa. Zanzibar usafiri wa anga ni jambo la Muungano, limo kwenye ile orodha ya Katiba ya 1977. Kenya, Katiba ya 2010 imeuweka kwa serikali ya kitaifa, gavana wa Mombasa hana amri pale uwanja wa Moi. Tofauti ni kwamba Kenya kaunti haina sheria yake ya kuua na kupiga na kubaka, jinai ni ya nchi nzima. Huku Marekani ukipigwa kofi barabarani hiyo kesi ni ya jimbo. Ukishikwashikwa kwenye basi ni kesi ya jimbo. Mashtaka mengi yanayomgusa mtu wa kawaida ni ya jimbo. Kwa hiyo Texas haikuwa inavamia shamba la mtu, ilikuwa inasema kugusa mwili wa mtu bila ridhaa ni shamba letu tangu zamani. Na wakili wa serikali kuu anajibu, ndiyo, isipokuwa anayegusa ni mtu wangu yuko kazini kwangu.

Na hilo jibu lina ukoo wake. 1889, California, jaji mmoja wa mahakama kuu ya nchi, Stephen Field, yuko kwenye mgahawa wa stesheni ya treni kule Lathrop anakula. Anakuja mtu anaitwa David Terry, mtu aliyewahi mwenyewe kuwa jaji mkuu wa California, wana ugomvi wa muda mrefu, anampiga yule jaji. Mlinzi wa jaji, mtu wa serikali kuu, David Neagle, anampiga Terry risasi anakufa palepale. California wanamkamata Neagle kwa mauaji. Na 1890 mahakama kuu ikasema mwachieni, kwa sababu alikuwa anafanya kazi aliyopewa na sheria ya Marekani, na hakufanya zaidi ya kile kilicholazimu.

Hebu rudieni hiyo sentensi ya mwisho kichwani. Kazi aliyopewa. Na hakufanya zaidi ya kilicholazimu. Hizo ni nusu mbili, watu wanasikia ya kwanza tu wanaondoka. HB 1937 ilikuwa inapigana na nusu ya kwanza, ilitaka kuufanya utaratibu wenyewe wa TSA uwe jinai, na hapo jimbo linagonga ukuta, mimi kama mwanasheria siwezi kuwadanganya. Lakini ofisa akitoka nje ya utaratibu, nusu ya pili inamwacha mtupu, na mkono wa jimbo unamfikia. Siyo nadharia. 2015 ofisa mmoja wa TSA pale LaGuardia, eapoti ya New York, alimwambia binti aliyekuwa anatoka ndege kwamba anahitaji kukaguliwa zaidi, akampeleka chooni akamshikashika. Alishtakiwa na mwendesha mashtaka wa Queens, wa jimbo. Los Angeles 2019 mwingine alimdanganya abiria mpaka akamfunulia maziwa, na mwanasheria mkuu wa California akamshtaki. Hao hakuna Neagle wa kuwaokoa.

Na Denver je, 2015 hiyohiyo, maofisa wawili wa TSA walikuwa wanacheza na mashine ili mmoja apate kuwapapasa wanaume anaowataka, wakafukuzwa kazi, lakini kesi haikufunguliwa. Kwa nini? Kwa sababu abiria hakujulikana. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyerudi, mtu kaguswa kapanda ndege kaenda zake na hakujua kama kafanyiwa. Jamani hapo ndo moyo unaniuma, sheria ilikuwepo, jimbo lilikuwepo, mlango ulikuwa wazi, mtu wa kuupita hayupo.

Muda, naona mama ananionyesha saa. Haya nakimbia. Kesi ya madai, ya fidia, kwa miaka mingi serikali ilikuwa inasema hawa wapekuzi si maofisa wa kusimamia sheria kwa hiyo wakikupiga huwezi kuidai serikali. Wamevaa beji imeandikwa ofisa! 2019 mahakama ya rufaa ya Philadelphia, majaji tisa kwa wanne, wakasema ni maofisa, mnaweza kuidai, na mahakama nyingine za rufaa zikafuata. Ukitaka kupinga utaratibu wenyewe ni mahakama ya rufaa moja kwa moja na una siku 60, watu walijaribu wakashinda nusu tu 2011, ile kesi ya mashine za kuona mwili. Hiyo nitaisema siku nyingine kwa sababu ni ndefu.

La kushika mkononi leo. Mwombe mpekuzi wa jinsia yako, hiyo ni haki yako hata kwa utaratibu wao. Omba chumba cha pembeni na uingie na mtu wako, mwanao, dada yako, usiingie peke yako. Ukiona mkono umefanya kisichofanana na kazi usimalizane na msimamizi wa TSA peke yake, mwambie nataka polisi wa eapoti. Polisi wa eapoti ni wa mji au wa uwanja wenyewe, DFW wana idara yao kabisa, hao hawali mshahara wa Washington, na ripoti yao inakwenda kwa mwendesha mashtaka wa kaunti. Ndege itakuacha, ndiyo, najua, tiketi ni ghali na kuna msiba unawahiwa. Basi angalau kabla hujakaa kwenye kiti andika kwenye simu saa ngapi, njia namba ngapi, jina la kwenye beji, na nani alikuwa nyuma yako, kwa sababu zile kamera picha zake hazikai milele na wa kuziomba mapema ni wewe.

Haya, mama pale uliyenyoosha mkono tangu mwanzo, sema.