Diski Si Mshukiwa wa Kwanza

Nimelisema hili mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu bado naona mafundi wakichomoa diski na kuifuta kwa shati mara tu sauti ya sinema ya DTS, ile inayotoka kwenye diski na si kwenye filamu, inapokatika. Acheni! Anzeni kwenye jicho la kusomea, kile kifaa cha projekta kinachosoma alama zilizo kwenye filamu.

DTS mnaijua tangu ilipoingia kumbini mwaka 1993, kwa hiyo nitagusa hesabu tu. Chaneli moja yenye sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila sampuli, inakula biti 705,600 kila sekunde. Zidisha kwa chaneli tano: CD-ROM ya megabaiti 650 inajaa kwa dakika 25 hivi. Ikibanwa hadi robo, diski inabeba kama dakika 100, na filamu ndefu inahitaji diski mbili. Besi haikupewa chaneli yake; imefichwa ndani ya chaneli za spika za pembeni, chini ya hezi 80, na mashine ndiyo inayoichuja.

Atatokea mtu aseme sauti ya kwenye diski ilijaribiwa na Vitaphone, ule mfumo wa zamani wa sauti kwenye sahani, mwaka 1926 ikashindwa. Hapana, hayo ni mambo mawili tofauti. Sahani ya Vitaphone ilizunguka mara 33⅓ kwa dakika bila kujua filamu imefika wapi. Filamu ikikatika, fundi akaiunga na kutupa fremu nne, midomo na maneno viliachana mpaka rili, yaani gurudumu lile la filamu, iishe, labda achomeke fremu nyeusi kuziba pengo. DTS imechapa alama za muda kwenye filamu yenyewe, kando ya picha. Jicho linazisoma, mashine inajua hii ni rili gani na fremu ya ngapi, kisha inatafuta sauti yake. Fremu nne zikipotea, namba zinaruka na sauti inaruka nazo. Filamu inaongoza, diski inafuata.

Sasa jicho lisipoona, diski safi namna gani itajua icheze wapi? Mashine inavumilia kidogo, kisha inarudi kwenye sauti ya analogia, ile iliyochapwa kwenye filamu yenyewe. Watazamaji wanasikia ukumbi umesinyaa ghafla.

Kuna ukumbi uliniita hali ikiwa hivyo kila usiku. Walikuwa wamebadilisha diski mara mbili, wamebadilisha kisoma diski, na sasa wanataka kununua mashine mpya. Nikawauliza swali moja: sauti inaanguka pale pale katika filamu, au popote? Hakuna aliyeandika. Tukakaa na daftari maonyesho mawili mazima, kila anguko tukiandika rili na dakika. Ikawa popote, na zaidi kadiri usiku ulivyosonga. Hapo diski nikaiondoa kwenye mashaka, kwa sababu mkwaruzo una anwani: ukiwa dakika ya 40, utakuwa dakika ya 40 kesho na keshokutwa. Nikafungua jicho. Vumbi la filamu limetanda juu ya lenzi kama unga. Pamba, spirit, dakika chache. Halafu nikaona rola yake imelika upande mmoja, filamu inayumba na alama zinatoka nje ya eneo ambalo lenzi inaliona. Tukaweka rola nyingine. Usiku ule sauti haikuanguka hata mara moja, na mashine mpya haikununuliwa.

Mtaniuliza, kwani diski haiharibiki? Inaharibika. Ihamishie kisoma kingine. Tatizo likiifuata, tafuteni nyingine. Likibaki palepale kwenye filamu hata kwa diski nyingine, tazameni kama pale filamu ilipoungwa pamefunika alama.

Haya mengine nayapitia haraka. Sauti ikichelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, hesabu ya fremu kati ya jicho na dirisha la picha, pale picha inapomulikwa, imewekwa vibaya. Fremu moja ni milisekunde 42 hivi; rekebisheni namba hiyo, msiguse kingine. Mashine ikikataa kucheza kabisa, linganisheni namba ya filamu na ya diski, kwa sababu namba za matoleo mawili tofauti hazikubaliani.

Naonyeshwa kwamba muda umekwisha, na habari ya diski ya trela za filamu sikuigusa. Ile rola iliyolika nimekuja nayo, iko hapa mezani. Njooni muipitishe kidole ukingoni.