Moyo Usiotolewa: Maziko na Hukumu katika Misri ya Kale

Ndugu wasikilizaji, tukitaka kuielewa dini ya Wamisri wa kale tuanze na moyo, kiungo ambacho mkaushaji maiti alitakiwa akiache mahali pake. Ubongo waliutoa puani kwa kulabu wakautupa. Moyo ulikuwa makao ya akili, kumbukumbu na dhamiri, na ndio ambao ungepimwa akhera.

Kuuacha hakukuwa rahisi. Maiti ilipasuliwa ubavu wa kushoto. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale, anataja kisu cha jiwe la Uhabeshi. Utumbo, tumbo la chakula na ini vikatolewa, kisha mkono ukapenya kiwambo kinachotenga tumbo na kifua kuyafuata mapafu. Hapo ndipo penye hatari, maana mtu anakata kwa kupapasa na moyo umepakana na mapafu. Kisu kikiteleza, unatoka nayo. Vile viungo vinne vilikaushwa kando, vikakabidhiwa wana wanne wa mungu Horus: Imseti mwenye uso wa mtu akalinda ini, Hapi nyani mapafu, Duamutef mbweha tumbo, Kebehsenuef kozi utumbo.

Kisha magadi ya Wadi Natrun, jamii ya yale ya Ziwa Magadi. Yalitumika makavu: vifurushi ndani ya mwili, na mwili wote ukafukiwa kwa siku kama 40. Magadi hunyonya maji, na pasipo maji vijidudu vya uozo havizaliani. Pamoja na kuviringisha kitani, kazi ilichukua siku 70. Kuzidisha kuliharibu: farao Tutankhamun alimwagiwa utomvu mwingi mno akagandana na jeneza, hata mwaka 1925 watu wa Howard Carter, mwanaakiolojia aliyegundua kaburi lake, wakamkata vipande ili kumtoa. Uso wa Henuttawy, mwanamke wa zama za ukoo wa kifalme wa 21, ulishindiliwa vijazo chini ya ngozi mpaka ngozi ikapasuka.

Akhera, marehemu alikana makosa yake mbele ya waamuzi 42. Anubis, mungu wa maziko, akaweka moyo kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki, naye Thoth, mungu wa uandishi mwenye kichwa cha kwarara, akaandika. Moyo ukiwa mzito kuliko unyoya, zimwi Ammit, mamba kichwani, simba kifuani, kiboko nyuma, aliumeza, na mtu akatoweka kabisa.

Basi moyo waliouhifadhi kwa bidii hiyo ndio huohuo waliouogopa, kwa kuwa unajua yote. Ndiyo maana kifuani waliweka hirizi ya dundu, aghalabu ya jiwe la kijani, iliyochongwa dua ya 30B ya Kitabu cha Wafu, mkusanyo wa dua za akhera: moyo usisimame kumshuhudia mwenyewe kwa ubaya. Nyingine zilichongwa mapema zikiwa na nafasi ya jina la mnunuzi, na zipo zilizozikwa nafasi hiyo ikiwa bado tupu.