Zamu Sawa, Muda Si Sawa

Wengine humu mmeshanichoka: kila nikishika kipaza sauti narudi palepale. Wi-Fi ikizorota, acheni kuhesabu vifaa, hesabuni muda wa hewani, yaani muda ambao kila kifaa kinashikilia mawimbi.

Chukueni kompyuta mbili kwenye ruta moja ya 802.11b, toleo la zamani la Wi-Fi. Moja iko karibu, inatuma kwa megabiti 11 kwa sekunde. Nyingine iko chumba cha mwisho, nyuma ya kuta mbili za tofali. Mawimbi yanaifikia yakiwa hoi, imejishusha hadi megabiti 1. Kanuni ya Wi-Fi inazipa nafasi sawa, pakiti kwa pakiti, yaani kipande cha data kwa kipande. Twende taratibu. Pakiti ya baiti 1500 ni biti 12,000. Ya karibu inaimaliza kwa milisekunde 1.1, ya mbali, milisekunde 12. Jumla 13.1, na kila moja imetuma pakiti moja tu. Gawanya: kila moja inaambulia kama megabiti 0.9. Ndiyo, hata yenye 11! Na hapo sijahesabu muda wa kusubiri wala migongano, pale pakiti mbili zinapotumwa kwa pamoja zikaharibiana.

Ni kama bombani: kila mtu dumu moja kwa zamu, lakini mmoja kaja na dumu lenye mdomo wa chupa. Foleni haina dhuluma, ila nyote mtarudi nyumbani magharibi. Mtafiti Heusse na wenzake walilionyesha hili mwaka 2003.

Mtasema 802.11b ni ya makumbusho. Sawa, kasi zimepanda, lakini ruta isiyogawa kwa muda inafanya yaleyale. "Basi tununue kifurushi kikubwa zaidi." Aa! Hosteli moja niliyoitwa ilishalipia mara mbili, malalamiko yakabaki vilevile. Tukahamisha ruta kutoka ofisini kwa mlezi hadi katikati ya korido. Kazi ya ngazi na misumari minne.

Haya, Bianchi, mtafiti aliyekokotoa mwaka 2000 Wi-Fi inapitisha data kiasi gani vifaa vikigombania hewa. Fomula mnazo. Modeli yake naipenda, lakini inadhani kila kituo, yaani kila kifaa kinachotuma, kina pakiti ya kutuma muda wote, vyote vinasikiana, na uwezekano wa mgongano haubadiliki hata pakiti ikigongana mara ngapi. Korido yenye kuta nene haijasoma dhana hizo: vituo viwili vinaisikia ruta, vyenyewe havisikiani, vinagongana mchana kutwa.

Naambiwa dakika mbili. Abramson na ALOHA, mtandao wake wa redio wa Hawaii uliotangulia Wi-Fi, na ile asilimia 18 ya muda wa hewani ambayo ndiyo ilikuwa kikomo cha kutumika vizuri, mtajisomea.

Maswali? Wewe wa nyuma kabisa, karibu. Ila kwanza acha kupakia hiyo video.