Dawa ya sikio ina siku zake

Wazee wangu, mama zangu, vijana wa boti na wa mashine, wengi mshanisikia kwenye hili jambo na leo narudia tena, kwa sababu juzi tu nimeletewa kopo jingine la vidonge vya "kurudisha usikivu". Kalileta fundi wa mashine ya kusaga, mtu wa hapa hapa Ujiji, miaka yote anasimama pembeni ya injini ya dizeli toka asubuhi na masikioni hana kitu. Mkewe akimwita toka uani haitiki, simu anaweka spika na bado anasema ongeza sauti, wajukuu wakiongea ndo hapati kitu kabisa. Kauziwa kopo, kaambiwa lina antioksidanti, wataalamu wamethibitisha, na hela aliyotoa ni ya gunia la mahindi. Nikamuuliza masikio yalianza kusumbua lini? Akasema aah zamani, yule mtoto wangu wa mwisho yuko darasa la pili. Huyo mtoto sasa hivi anaendesha bodaboda!

Hapo ndo huwa napandwa na hasira, maana neno alilouziwa sio la uongo. Sayansi yake ipo. Sikio la ndani, kila upande, lina seli kama 15,000 zenye vinyweleo, ndo zinazopokea sauti. Kelele ikizidi zinachoshwa kupita uwezo wake, damu inapungua kule ndani, na ndani ya seli zinazalishwa kemikali kali za oksijeni ambazo zinaiharibu seli yenyewe. Na ukizima injini hazikomi. Kwa wanyama wa maabara zilionekana bado zinafanya kazi siku 7 mpaka 10 baada ya kelele. Antioksidanti kazi yake ni kuzizima hizo kemikali, kwa hiyo mnyama akipewa kabla ya kelele, au ndani ya siku 3 baadaye, inamsaidia, wakichelewa mpaka siku ya 5 msaada unabaki kidogo sana. Siku tano jamani! Fundi wangu ana miaka zaidi ya kumi. Na seli hizi kwa binadamu zikishakufa hazioti tena, kuku zake zinaota, sisi hapana, sasa hivyo vidonge vinaenda kuokoa nini?

Najua kuna mtu anasema moyoni huyu anapinga kila dawa. Sipingi. Mwaka 2017 lilichapishwa jaribio la dawa inaitwa ebseleni, vijana 83 huko Marekani, walianza dawa siku 2 kabla halafu wakasikilizishwa muziki mkubwa masaa 4, na waliomeza miligramu 400 mara mbili kwa siku masikio yao yaliziba kidogo kuliko ya waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Nimefurahi kuisoma, ila ni kule kuziba kwa muda ambako baadaye kunaachia. Asetilisisteini, hii inayotumika hospitali mtu akizidisha parasetamoli, walipewa wanajeshi wa Marines, jeshi la Marekani, kwenye mazoezi ya bunduki, na kwenye vipimo vikuu haikuonyesha tofauti ya kutegemea. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha hata moja kwa uziwi wa kelele. Sasa mwenye kopo wa sokoni idhini kaitoa wapi?

Na wa Mwandiga najua mtauliza mawese. Mawese yetu mekundu yana vitamini E, na ile rangi mwili unaigeuza vitamini A, kweli kabisa, na vitamini hizo pamoja na C na magnesiamu zimewasaidia wanyama wa maabara, lakini kwa dozi za kupimwa, na zilianza kabla ya kelele. Hamna aliyepima kijiko cha mawese kwa mtu wa mashine. Kaangieni migebuka, kwa sikio msiyategemee.

Mwenyekiti ananionyesha saa, haya haraka haraka. Ukubwa wa sauti unapimwa kwa desibeli. Desibeli 85 mwisho masaa 8 kwa siku, kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu, zikifika 100 una robo saa tu. Ukiona lazima upaze sauti kuongea na mtu aliye hatua moja toka kwako, ushavuka. Pamba inazuia kidogo sana, tafuta vizibo vya masikio vya povu, kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu, kiingize, kishike mpaka kijae. Na mlio wa masikio ukiacha asubuhi usiseme nimepona, kwenye panya mwaka 2009 kipimo cha usikivu kilirudi sawa wakati karibu nusu ya viungio vya mishipa ya fahamu kwenye sehemu iliyoumia vimeshapotea. Vijana wa iafoni leo sitawafikia, tutapanga siku nyingine.

La mwisho, ukiamka sikio moja limekuwa ziwi ghafla, usinunue kopo, usingoje wiki iishe, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hilo ni tatizo lingine, lina dawa zake na halitaki kucheleweshwa. Haya maswali, tuanze na watu wa mashine.