Kukabia juu si mbio

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na naona wengine wameanza kutabasamu kabla sijafika popote. Nitalisema tena: kukabia juu, yaani kuwabana wapinzani karibu na lango lao, si mbio.

Kila kozi ya makocha lazima mtu achomoe simu anionyeshe kile kipande cha video cha Andy Robertson. Januari 2018, Anfield, Liverpool na Manchester City, ile mechi ya 4-3. Huyo beki wa kushoto wa Liverpool anatoka kwake, anamkimbilia mtu, mpira unarudishwa nyuma, anaufuata, unarudishwa tena, anafika mpaka kwa kipa Ederson, kisha anamgeukia beki Otamendi na kumchezea rafu. Mashabiki wamepagawa. Na kocha mwenye simu ananiambia, "Mwalimu, nataka vijana wangu wacheze hivi." Hivi vipi? Kapata nini? Faulo! City wakaweka mpira chini wakaanza upya. Namheshimu sana Robertson, lakini kile kipande kimeharibu makocha wengi.

Mechi hiyohiyo, tazameni bao la nne la Liverpool. Ederson anatoka golini kuuwahi mpira, anaubutua, unamwangukia mshambuliaji Salah, naye anamrushia juu kutoka mbali. Salah hakumkimbiza mtu pale. Alikuwa tu mahali ambapo mpira wa kubutuliwa hutua.

Sasa chukua 4-3-3, yaani mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu, ya Klopp, kocha wa Liverpool wa miaka ile. Firmino, namba tisa, hana haraka na beki. Anasimama kwenye njia ya pasi ya kwenda kwa kiungo mkabaji, basi. Salah na Mané, washambuliaji wa pembeni, wanawaacha mabeki wa pembeni makusudi. Wanakaa katikati ya beki wa kati na beki wa pembeni, na wakiamua kumwendea beki wa kati wanatokea nje kuingia ndani, migongo yao imeziba njia ya pembeni. Mwenye mpira kabakiwa na nini? Pasi ya juu, ya kuelea, kwenda kwa beki wa pembeni. Mpira ukiwa hewani, kiungo Wijnaldum au Henderson yuko njiani. Mbio zinaanza hapo, na ni za mita chache. Ni kama juya, ule wavu wa kuvutwa pande mbili: upande mmoja ukivuta kabla ya mwingine, samaki wote wametoka. Aprili mwaka uleule, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, City walirudi Anfield, na dakika ya 31 walikuwa wameshafungwa matatu.

Naona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Najua: "Na Villa je?" Oktoba 2020, Aston Villa 7, Liverpool 2. Watu wote waliulaumu mstari wa nyuma, yaani mabeki, eti ulipanda mno. Mstari ulikuwa palepale ulipokuwa siku zote! Mbele ndiko kulikochelewa. Mpigaji akipewa nafasi ya kuinua kichwa, hata beki kama Van Dijk, na siku hiyo alikuwepo, anageuka mtu wa kukimbilia lango lake mwenyewe. Mabeki wanapanda kwa sababu mpira umebanwa. Haujabanwa, rudini.

Nilitaka kusema pia kuhusu mipira ya kurusha, maana Liverpool walimwajiri Thomas Grønnemark kwa kazi hiyo tu, lakini muda umeniishia. La uchovu kwa ufupi: hakuna timu inayokabia juu dakika tisini. Chagueni vipindi, na mkiupata mpira pumzikeni nao.

Na yule atakayesema viwanja vyetu vibovu, nimemngoja tangu asubuhi. Uwanja wa mashimo unamsumbua nani zaidi, anayetuliza mpira au anayemjia? Beki akikosea kuutuliza, hiyo ndiyo ishara yenu ya kuingia.

Haya, koni ziko nje. Mabeki wanne na kipa upande wa kule, washambuliaji watatu huku, na leo hakuna ruhusa ya kumgusa beki wa pembeni.