Tunaishi kwenye karavani Cardwell, na nawaza ufukwe wa Igombe

Mwangaluka, ndugu zangu wa Mwanza! Wazee wangu wa Igombe na Kayenze, huko kando ya Ziwa Victoria, shikamooni. Bado tupo Cardwell, kaskazini mwa Queensland huku Australia, kilomita kama 1,500 kutoka Brisbane tunakoishi. Mama ameniuliza kwenye simu, "Miezi yote hiyo mnalala ndani ya tela?" Ndiyo, Mama. Leo nakuzungusha uone.

Karavani yetu hii hapa. Kitanda, jiko la gesi la plati mbili, friji, basi. Waya huu mnene wa ampea 15 unaleta umeme kutoka kwenye nguzo ya kiwanja hiki cha kuegesha karavani, na mpira huu unaleta maji. Choo kina tangi linalochomolewa kwa nje. Likijaa nalibeba hadi kwenye shimo maalumu, namwaga, nasuuza. Bafu la maji moto lipo kwenye lile jengo la wote. Ukilipia wiki nzima bei inashuka, ndiyo maana watu hawaondoki.

Wengi ni wastaafu kutoka kusini, Melbourne na Tasmania, ambako Juni mpaka Agosti baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Huku wakati huo mvua imekatika na jua ni la kuota. Asubuhi wananunua mkate, saa nne chambo, jioni nyama ya kuchoma. Fedha yao inabaki hapahapa kwenye kamji haka, na hakuna aliyelazimika kujenga hoteli ya ghorofa kumi.

Kile kisiwa chenye milima ni Hinchinbrook, hifadhi ya taifa. Bahari imetulia, lakini someni kibao hiki: mamba! Hilo mtu wa ziwa hahitaji kufundishwa. Novemba hadi Mei wanakuja konyeza, wale viumbe laini wa baharini, wenye sumu inayoweza kuua, kwa hiyo watu wanatembea ufukweni, hawaingii majini ovyo. Februari 2011 kimbunga Yasi kilipiga pwani hii, kikabomoa nyumba na kula barabara. Ufukwe ukatengenezwa upya, na leo anapita yeyote, mwenye pesa na asiye nazo.

Twendeni gatini, maana hapa ndipo roho yangu inakaa. Samaki anayetafutwa ni baramundi, na mkimwona mtaapa ni sangara. Ni ndugu kabisa, kisayansi wote ni Lates. Ruksa kumchukua akiwa kati ya sentimita 58 na 120. Anayezidi hapo anarudishwa majini, kwa sababu baramundi huanza maisha akiwa dume, akikua anageuka jike. Yule mkubwa ndiye mwenye mayai. Novemba hadi mwisho wa Januari hakuna kumvua kabisa. Wazee hawa wanapima wenyewe, hawamsubiri ofisa. Nikikumbuka sangara wachanga, wasiofika sentimita 50, wanaopitishwa kwa siri kwenye mialo yetu, naumia kweli.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Igombe, Luchelele, Ukerewe: mawe tunayo, maji baridi tunayo, machweo tunayo. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kwa hiyo anayetoka Serengeti kwa lango la Ndabaka anaendelea hadi Geita bila foleni ya kivuko. Magari ya wasafiri yenye mahema juu yanapita Mwanza. Yalale wapi?

Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na wapo wanaoiona kama adui wa uwekezaji. Mimi naiona rafiki. Kiwanja kikae nyuma ya mita hizo, miti ibaki, na watoto wa Igombe waendelee kushuka ziwani bila kugonga geti la mtu. Wageni wa namna hii wanataka choo kisafi, maji, umeme, kivuli na mlinzi. Lami na vigae si lazima.

Wewe mwenye eneo Kayenze au Sengerema, niandikie hapo chini: umeme umefika? Barabara inapitika masika? Meneja wa kiwanja hiki amekubali nimhoji kwenye video ijayo, anionyeshe gharama za kuanzia, kuanzia mabomba hadi lile shimo la choo. Leteni maswali kabla ya Jumamosi, nimuulize yote.