Aliyeshika Kamera Alisimama Wapi?

MWANAHAWA: Masalkheri msikilizaji. Hapa ni Malindi, tumekaa uani kwa mjomba, kwa hiyo ukisikia kuku au mtu anabisha hodi, ndiyo nyumba yenyewe hiyo. Mimi ni Mwanahawa. Mjomba Kombo, shikamoo.

KOMBO: Marahaba, mwanangu. Na wasikilizaji wetu nawasalimu.

MWANAHAWA: Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya Isha, tulitundika shuka jeupe pale ukutani, tukaazima projekta, tukawaonyesha watoto wa mtaa dokumentari ya sayari za ndani. Zile nne zilizo karibu na jua: Utaridi, Zuhura, dunia yetu na Mirihi. Tukafika pale chombo cha anga kinashuka Mirihi. Moto unatoka chini, vumbi linatimka, muziki umepanda. Mtoto mmoja wa gredi ya tatu akainuka kwenye mkeka, akauliza, "Na huyo anayepiga picha amesimama wapi?"

KOMBO: Watu wazima wakacheka. Mimi sikucheka. Lilikuwa swali la haki kabisa, na hakuna aliyemjibu, hata mimi.

MWANAHAWA: Basi leo tumjibu. Kwa picha ile, hakuna aliyesimama popote. Ilichorwa kwa kompyuta.

KOMBO: Na filamu haikusema! Hilo ndilo lililoniuma. Inakuonyesha picha iliyopigwa huko huko Mirihi, halafu inaunganisha na iliyochorwa studio, bila hata neno moja chini ya kioo. Mtoto atajuaje? Kuchora si kosa. Kuna mambo hayawezi kuonekana mpaka yachorwe. Lakini niambie kwamba umechora.

MWANAHAWA: Wiki nzima mimi na mjomba tumekuwa tukirudia filamu zetu, tunasimamisha, tunaulizana: hii imepigwa au imechorwa? Tuanze na Utaridi.

KOMBO: Shuleni siku hizi wanaiita Zebaki. Sisi chuoni tulisikia Utaridi, nami nimebaki na hilo.

MWANAHAWA: Utaridi ilikaa miaka mingi bila picha kamili. Chombo cha Mariner 10 kiliipitia mara 3, mwaka 1974 na 1975, kikapiga picha chini ya nusu yake. Nusu ya pili ilingoja mpaka Messenger, chombo kilichoanza kuizunguka mwaka 2011 kikaipiga picha karibu yote, na mwaka 2015 kikaishiwa mafuta kikaiangukia. Kwa hiyo filamu yoyote ya kabla ya Messenger inayokuonyesha Utaridi nzima, ujue kuna upande uliobuniwa.

KOMBO: Na zile rangi za samawati na dhahabu?

MWANAHAWA: Zimekolezwa ili wanasayansi watofautishe aina za miamba. Kwa macho ni ya kijivujivu, karibu kama mwezi. Lakini mjomba, kuna jambo utalipenda. Kreta za Utaridi, yale mashimo makubwa ya duara, hupewa majina ya wasanii wa dunia nzima. Mwaka 2015 moja iliitwa Kulthum.

KOMBO: Umm Kulthum? Yule wa Misri?

MWANAHAWA: Yeye mwenyewe.

KOMBO: Subhanallah. Babu yako alikuwa na redio ya mbao. Akiimba Umm Kulthum hakuna aliyethubutu kuigusa, hata chakula kilingoja. Kumbe jina lake liko huko juu.

MWANAHAWA: Twende Zuhura.

KOMBO: Hiyo niachie. Zuhura naijua tangu sijaona filamu hata moja. Miezi inapokuwa nyota ya alfajiri, tulikuwa tukitoka na mashua gizani na yenyewe iko upande wa matlai, inang'aa mpaka unaona mstari wake juu ya maji. Nilidhani mahali panapong'aa hivyo ni pazuri. Kumbe kinachong'aa ni mawingu, na mawingu yenyewe ni ya asidi ya salfa.

MWANAHAWA: Na chini yake joto ni kama nyuzi 465.

KOMBO: Mvuvi nitamwambia hivi: chukua chubwi la mshipi wako, lile la risasi, liweke juu ya jiwe la Zuhura. Litayeyuka. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 hivi. Na uzito wa hewa ni mara 90 ya hapa kwetu, sawa na kuzama baharini mita 900. Sasa fikiria watu wanaotaka kupeleka kamera huko.

MWANAHAWA: Muungano wa Kisovieti ulipeleka. Na hapa, mjomba, kuna tarehe mbili, na moja inagusa pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, pale Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco lililo baharini, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Siku 3 baadaye, tarehe 15, Venera 7 ikatua Zuhura. Hicho ndicho chombo cha kwanza kuleta taarifa kutoka uso wa sayari nyingine.

KOMBO: Wiki moja hiyo hiyo. Na ilidhaniwa kimekufa, sivyo?

MWANAHAWA: Ndiyo. Sauti yake ilififia ghafla. Baadaye walipozipitia upya kanda walizorekodi, wakakuta ndani ya kelele kulikuwa na dakika 23 za ishara hafifu sana. Pengine kilikuwa kimelala ubavu.

KOMBO: Mtu aliyekaa akasikiliza kelele mpaka akapata kitu ndani yake, huyo ningependa filamu imwonyeshe. Badala yake tunapewa milipuko ya volkano.

MWANAHAWA: Hiyo volkano ya rangi ya machungwa inayoonekana katika karibu kila filamu ya Zuhura ni mlima Maat Mons. Chombo cha Magellan kilizunguka sayari hiyo kuanzia 1990, kikapenya mawingu kwa rada. Rada haina rangi. Ile rangi ya machungwa iliongezwa kwa kufuata picha za Venera. Na kimo cha mlima kilirefushwa mara 10, na katika toleo jingine zaidi. Kwa kweli ni mlima mpana, mteremko wa pole. Ungeupanda bila kujua uko mlimani.

KOMBO: Basi hiyo tuiweke kundi gani, iliyopigwa au iliyochorwa?

MWANAHAWA: Imepimwa kweli, halafu imepambwa.

KOMBO: Sawa, lakini mimi hainishiki kama zile nne. Dunia nzima ina picha za ardhi ya Zuhura kutoka vyombo vinne tu: Venera 9 na 10 mwaka 1975, Venera 13 na 14 mwaka 1982. Basi. Kuanzia hapo hakuna kamera nyingine iliyotua. Na kabla ya 1982 kuna habari ya kusikitisha. Mwaka 1978 Venera 11 na 12 zilifika salama, zikatua, na vifuniko vya kamera havikufunguka.

MWANAHAWA: Safari yote ile!

KOMBO: Miezi ya safari, ukapita asidi, ukapita moto, ukakwama kwenye kifuniko. Nikifikiria mafundi waliokuwa wakingoja picha, roho inaniuma mpaka leo. Lakini walirudi. Venera 13 ilitengenezwa ivumilie dakika 32, ikavumilia 127. Picha yake niliisimamisha kwenye shuka, nikasogea mpaka pua inakaribia kugusa. Chini unaona ukingo wa chombo wenye meno meno kama msumeno. Mbele yake mawe bapa yamepasuka kama udongo wa bwawa la chumvi kule Ngomeni maji yakikauka. Katikati ya mawe kuna changarawe. Na kando kuna kifuniko cha kamera kimelala chini. Safari hii kilifunguka.

MWANAHAWA: Na picha imepinda.

KOMBO: Imepinda kwa sababu kamera ilikuwa inageuza macho polepole, mstari mmoja mmoja. Pembeni kabisa unaona upeo wa macho umeinama na kipande kidogo cha anga. Filamu ile iliionyesha kwa muda wa kupepesa jicho. Mimi ningeiacha pale dakika nzima, bila muziki.

MWANAHAWA: Mirihi sasa, maana ndiyo ya yule mtoto. Ana jibu la pili, na lenyewe ni tamu. Kuna mara ambazo mpiga picha alikuwepo. Tarehe 25 Mei 2008 chombo cha Phoenix kilipokuwa kinashuka, kingine kilichokuwa kinaizunguka Mirihi kilielekeza kamera yake kikakipiga picha kikining'inia kwenye parachuti. Unaona parachuti, na chini yake chombo, kidoti. Mwaka 2021 roboti ya Perseverance ilikwenda na kamera zake zenyewe za kutazama juu na chini. Vumbi linalotimka katika video ile ni vumbi la Mirihi kweli.

KOMBO: Hiyo tutamwonyesha. Na ile ya roboti inayojipiga selfi, mkono hauonekani?

MWANAHAWA: Ni picha nyingi zilizopigwa na kamera iliyo kwenye mkono wa roboti, zikaunganishwa. Kila picha mkono uko mahali pengine, kwa hiyo wakiunganisha wanachagua sehemu zisizo na mkono.

KOMBO: Hapo nimeridhika. Kisichoniridhisha ni maneno. Ile filamu ya Good Night Oppy ya mwaka 2022, ya roboti Opportunity iliyopangiwa siku 90 ikadumu zaidi ya miaka 14. Nilitokwa na machozi, sikatai. Lakini watu wanasambaza kwamba roboti ilituma ujumbe, "Betri yangu inaisha na giza linaingia."

MWANAHAWA: Haikusema hivyo. Ilituma vipimo, umeme umeshuka na anga limejaa vumbi. Mwandishi wa habari ndiye aliyevifupisha kwa maneno hayo.

KOMBO: Na vipimo vyenyewe vinatosha kumliza mtu! Nambari ya umeme inashuka, unajua dhoruba imefunika jua, unajua jamaa hatarudi. Ukishamtilia maneno kinywani unamfanya mtu mwingine.

MWANAHAWA: Hapo hatukubaliani sana, mjomba. Kwa watu wengi ni yale maneno yaliyowafanya waitazame hiyo nambari. Lakini ngoja, nina kisa kinachokupinga vizuri zaidi. Julai 1965 Mariner 4 iliipita Mirihi, ikapiga picha 22, za kwanza za karibu. Picha moja ilichukua zaidi ya saa 8 kufika duniani, ikija kama nambari. Nukta 200 kwa 200, kila nukta nambari ya kuonyesha mwanga wake. Mafundi wa JPL, maabara ya shirika la anga la Marekani, NASA, kule California, waliogopa kwamba mashine ya kurekodi imeharibika, na kompyuta ilikuwa bado haijaitoa picha. Mhandisi Richard Grumm na wenzake wakachapa nambari kwenye vipande vya karatasi, wakavibandika ukutani, wakanunua pasteli, zile chaki za rangi, dukani, wakaanza kupaka rangi kwa mkono, nambari kwa nambari.

KOMBO: Kahawia, nyekundu, manjano.

MWANAHAWA: Waandishi wa habari wakaiona ukutani kabla picha rasmi haijatoka. Mpaka leo imehifadhiwa pale JPL. Sasa niambie, hiyo imepigwa au imechorwa?

KOMBO: Hilo ndilo ulilonifanyia Jumanne, na wasikilizaji hawajui. Waeleze.

MWANAHAWA: Niliichukua picha moja ya simu, nikaipunguza ikawa nukta 20 kwa 20, nikaandika nambari kwenye vipande 20 vya karatasi. Kila mtoto akapata kipande na kalamu za rangi. Sikuwaambia ni picha ya nini.

KOMBO: Kalamu ya kahawia iliisha mapema, wakagombania kipisi. Uani kimya, watu wameinama, wanahesabu kwa midomo. Wakimaliza, mimi nabandika ukutani. Mpaka kipande cha kumi na mbili sikuona kitu, ni madoa tu. Yule mtoto wetu wa swali akarudi nyuma mpaka mlangoni, akafinya macho, akapiga kelele, "Mashua! Ni mashua ya mjomba!"

MWANAHAWA: Ilikuwa mashua yake, imefungwa ufukweni, na tanga limekunjwa.

KOMBO: Kipande cha tisa nilikibandika juu chini, kwa hiyo mlingoti umekatika katikati. Watoto wamekataa nisikibandue. Bado iko ukutani, na Ijumaa baada ya Isha shuka tutalitundika upande wa pili, karibu na mlimau. Tunaonyesha ile video ya Perseverance. Mje na mikeka yenu.